Jivu Chini ya Konokono

Nyinyi mliokunywa maji ya bomba la Nyalenda, hapa Kisumu, wakati ule, mkayanywa kwa kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, sogeeni tukae. Hawa watoto wetu hawatatuelewa. Nakumbuka tulipokuwa wadogo, asubuhi yetu ilianza na sauti ya mitungi. Mitungi ya plastiki ya njano, ile iliyotoka na mafuta ya kupikia, ikigongana, ikiburutwa kwa kamba, ikipangwa foleni kwenye bomba la mtaa. Uliweka mtungi wako ukaenda zako kucheza, nao ukasimama pale badala yako. Hakuna aliyethubutu kuusogeza, kwa sababu bomba lile lililindwa na mama yangu.

Alikaa kwenye kigoda, kwenye kivuli cha kibanda cha mabati, ufunguo wa bomba ukining'inia kiunoni. Nikifumba macho hata sasa naisikia harufu ya pale: tope bichi, sabuni ya kipande, omena, wale dagaa wa ziwani, ikikaangwa kwa jirani na vitunguu vingi. Mchana upepo wa ziwa ulipanda mpaka kwetu ukayatikisa mabati, nasi tukaacha kila kitu tukacheza bano, zile gololi, kwenye vumbi, au tukasukuma magari ya waya. Magurudumu tuliyakata kwenye patipati zilizokufa. Nasema bila aibu, magurudumu yangu yalikuwa ya kwanza Nyalenda nzima. Yalikuwa mviringo kabisa, hayatikisiki, na watoto wa Kondele walikuja kuyatazama wakarudi kwao kimya.

Njaa ilipouma tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka mpaka yakapatana, tukiyatia mfukoni yakiwa bado ya moto. Shule tulikwenda, ndiyo, lakini mimi akili yangu ilibaki kwa vitu vinavyozunguka na vinavyofunguka. Mwalimu alisema A, mimi nikatazama bawaba ya mlango.

Sasa, Mama alikuwa na sheria moja tu pale bombani. "Usinyonge bomba!" Kuna mtoto alikuwa akishajaza mtungi analifunga bomba kwa mikono miwili, meno nje, kama anakaba kuku. Mama alimpiga kofi mkononi hata kabla hajamaliza. "Ndani kuna raba. Ukiikaba shingo, kesho itakutemea." Sisi tukacheka, tukaiga sauti yake njia nzima.

Na jioni, akishafunga, alichukua jivu la jikoni, akalimwaga chini ya mdomo wa bomba na kulisawazisha kwa kiganja, pole pole, kama mtu anapapasa mgongo wa mtoto alale. Asubuhi aliinama kulisoma. Tone likianguka usiku lingetoboa kishimo kidogo kwenye jivu, na Mama akiona vishimo alilifungua bomba mwenyewe akabadilisha raba kabla mtungi wa kwanza haujafika. Jivu likiwa laini alisema tu, "Limelala." Mimi nilikuwa nachuchumaa kando yake nikilitazama jivu lile. Lilifanana na ziwa alfajiri pale ambapo hakuna upepo wala mtumbwi, na wakati mwingine kuku alikuwa amepita juu yake akaacha mistari kama barua ambayo hakuna aliyemtuma aandike.

Basi miaka ikaenda. Leo mimi nina karakana Otonglo, kando ya barabara ya Busia, na jina langu limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu unayoiona ukiwa bado mbali. Fundi Odhis. Shule niliiacha darasa la sita, na Kiingereza changu ni cha spana, lakini gari likikataa Kisumu nzima linaletwa kwangu. Nimejenga nyumba ya mawe nyuma ya karakana. Nimeweka mabomba kila chumba, hata chumba ambacho hakuna mtu ananawa. Mama ninaishi naye hapo, na mara ya kwanza alipoona mabomba yale aliyazunguka yote, akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, akasema, "Sasa foleni iko wapi?"

Mama yangu anaitwa Adongo, na kwetu ukiitwa hivyo kila mtu anajua umezaliwa pacha, tena wa pili. Wa kwanza ni Apiyo, mama yangu mkubwa, ambaye yuko ng'ambo ya ghuba, Mbita, kwenye boma la baba yao. Apiyo alirudi huko alipofiwa na mume. Macho yake yamekwisha. Kila Jumapili alipiga simu, na mimi ndiye niliyeshika simu sikioni kwa Mama, kwa hiyo nilisikia.

"Adongo, macho yameenda. Masikio yanajiandaa kuyafuata. Unakuja lini?"

"Nakuja," Mama anasema.

Halafu haji. Simu ikikatika anakaa akitazama ukuta. Mama ana ugonjwa wa sukari, na sukari inamtaka aende chooni kila wakati. Safari ya mwisho aliyopanda gari la abiria, aliomba lisimame, wakamwambia mama vumilia, na kanga ikalowa watu wakitazama. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, kwa maneno machache, akiwa amenipa mgongo. Tangu siku hiyo hakuvuka tena Ahero, ule mji mdogo nje ya Kisumu.

Ndiyo maana nikamnunua Konokono. Hilo ni jina la watu wa Otonglo, mimi sikulitoa. Ni gari-nyumba kuukuu, la wageni waliozunguka nalo dunia mpaka likachoka hapa kwetu ufuoni wakaliacha. Umbo lake kama mkate, kuku walikuwa wanataga ndani. Ndani kuna kitanda, jiko dogo, sinki, na choo chenye mlango wa kufunga kwa komeo. Mtu mwingine angeona vyuma vya kupima kwa kilo. Mimi niliona Mama yangu akienda Mbita na choo chake nyuma yake, kama malkia. Injini niliifufua, breki, taa, kila kitu. Watu walikuja kusimama tu, mikono nyuma, wakitikisa kichwa.

Siku ya safari Mama akatoka amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani, kikapu mkononi kimejaa sukari, majani chai na kanga ya dada yake. Binti aliyeolewa harudi kwao mikono mitupu, na wanawake wa boma husimama langoni kutazama anachobeba. Akaweka mguu kwenye ngazi. Akasimama. Akanusa.

"Odhis, hiyo ni nini?"

Chini ya gari, kwenye bomba la tangi la choo, tone lilikuwa linaanguka.

"Maji tu, Mama."

"Maji gani iko na harufu?" Akashusha mguu. "Mimi ni Nyar Mbita, binti ya pale. Siwezi kuingia lango la baba yangu nikidondosha choo. Wataniuliza, Adongo, huko Kisumu uliolewa ukapata hii?"

Akachukua kikapu akarudi ndani. Jumapili ile simu ilipolia hakutaka nimwekee sikioni.

Kijana wangu wa karakana, Ochi, ana simu kubwa kama sahani. "Mzee, nimeona video. Kuna dawa unamwaga tu kwa tangi, inaziba yenyewe."

"Hiyo simu yako imewahi kulala chini ya gari?"

"Zii, Mzee, haijawahi."

"Basi iache ipumzike."

Niliyamwaga matangi yote mawili, la sinki na la choo, kwenye shimo la choo cha karakana. Nikayasuuza kwa maji na sabuni, nikayasuuza tena, mpaka yaliyotoka hukuona tofauti na ya mvua. Halafu nikavaa glavu nikalala chali. Vali ya tangi kama ile ni kitu rahisi. Ni bamba linaloteleza kama droo, limekaa kati ya raba mbili. Ukivuta kishikio linafungua, ukisukuma linafunga. Nilipotoa zile bolti vali ikaanguka mkononi, na nikaona ugonjwa. Kwenye mfereji wa bamba kulikuwa na mchanga na uchafu uliogeuka jiwe, kwa hiyo bamba halikufika mwisho, na raba zilikuwa ngumu kama ngozi ya samaki mbuta iliyosahaulika juani. Nikakwangua mpaka pakawa laini. Raba mpya nilizipata kwa muuza vipuri Nairobi, zikaja kwa basi. Nikazipaka grisi ya silikoni ya mafundi bomba, kwa sababu grisi ya gari huzivimbisha. Unaona, naijua kazi yangu. Nikarudisha vali mahali pake na kukaza bolti jinsi sisi mafundi wa Kisumu tunavyokaza, mpaka chuma kilie.

Nikajaza matangi maji safi. Nikalala chini kungoja.

Tone.

Likanipata kwenye paji la uso. Nikakaza zaidi. Tone. Nikakaza kwa mikono miwili, na tone likaanguka haraka zaidi, kama linanicheka. Nilichoka, ndugu zangu. Nikafumba macho. Ardhi ilikuwa ya baridi mgongoni, maji yakidondoka kando ya sikio, na kutoka barabarani mtu anakaanga samaki, na mara nikawa sipo tena Otonglo. Nilikuwa bombani Nyalenda, magoti yangu yana vumbi, mitungi ya njano imepangwa kwenye mwanga mpaka mwisho wa macho, na Mama kijana, shingo ndefu, ufunguo kiunoni. Nikamsikia kabisa akisema, "Umeinyonga."

Nikafumbua macho. Nikaona viatu vyake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya gurudumu, na sijui alikuwa pale tangu lini.

"Mama?"

"Nasema umeinyonga. Nimesikia hiyo chuma ikilia mpaka kwa nyumba. Nilikukataza ukiwa hujaota meno ya pili."

"Mama, hii si bomba ya Nyalenda. Hii ni vali ya ng'ambo."

"Iko na raba?"

"Iko."

"Basi ni bomba."

Ochi akageuka upande akajifanya anakohoa. Nikafungua tena. Na kweli, raba ilikuwa imebanwa mpaka ikajikunja ikatoka kwenye mfereji wake, ikaacha uwazi upande mmoja, mwembamba kama ukucha. Nikairudisha kwa kidole. Safari hii bolti nilizizungusha kwa mkono, halafu spana kidogo tu, kona moja, kisha kona inayoitazama, nikirudi tena kwa ile ya kwanza, pole pole, na Mama juu yangu akisema, "Hivyo. Hivyo. Sasa iache."

Akasema nimletee jivu. Hapo ndipo nilipoona aibu, kwa maana kwangu tunapika kwa gesi. Nyumba yote ile ya mawe haina jivu hata la kupaka kidole. Ilibidi Mama atume kopo kwa yule mama anayekaanga samaki barabarani. Likaletwa bado lina joto. Akalimwaga mwenyewe chini ya vali, akalisawazisha kwa kiganja.

"Mama, hiyo ni uchawi ama?" Ochi akauliza.

"Uchawi ni ile yako, ya kuuliza simu kwa nini gari inalia."

Asubuhi nilimkuta ameshainama, mikono magotini. Jivu lilikuwa laini kote. Kuku mmoja tu alikuwa amepita. Mama alilisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Limelala," akasema. "Leta kikapu changu."

Tukaizunguka ghuba. Tulipita mashamba ya mpunga ya Ahero yakiwa kijani cha kuumiza macho, tukapita Katito, na kuanzia Kendu Bay ziwa likawa linatoka na kujificha upande wa kulia, kama linatufuata. Mama aliinuka kila alipotaka. Hakuhitaji kuomba gari lisimame, nililisimamisha mwenyewe kwa heshima. Nilisikia komeo, nikasikia maji, nikamsikia akiimba wimbo wa kanisa huko ndani, halafu akatoka akicheka peke yake kama msichana aliyefanya ujanja. Baada ya Homa Bay hakuimba tena. Alishika kikapu mapajani akatazama mbele.

Apiyo alikuwa ameketi langoni, uso umeelekezwa kwenye sauti ya injini. Mama akashuka na kusimama mbele yake. Apiyo akanyoosha mikono akamshika uso, masikio, shingo.

"Adongo. Umechelewa."

"Nimefika."

"Hata kuzaliwa ulichelewa."

"Ni wewe ulinisukuma nyuma!"

Wanawake wa boma wakapiga vigelegele, kikapu kikapokelewa, nami nikaingiza Konokono langoni nikiwa nimenyoosha mgongo, kila mtu aone dereva ni nani. Nilipozima injini Mama alinipa lile kopo. Kumbe alikuwa amebeba jivu lililobaki.

"Mwaga."

"Hapa tena, Mama?"

"Hapa ndiyo hasa."

Nikamwaga. Asubuhi nikaenda kutazama, na sikukuta kishimo hata kimoja. Lakini pembeni, kwenye udongo uliolainika kwa umande, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, jozi mbili zilizosimama karibu karibu, na katikati ya jivu alama ya kiganja, vidole vimetanuliwa. Apiyo alikuwa ameletwa kusoma kwa mkono. Nikawaambia watu wa boma wasifagie hapo.

Siku ya kuondoka niliendesha polepole, magurudumu yakapita kando ya lile jivu. Nyumbani kwangu wajukuu wa Mama wanafungua bomba kwa kidole kimoja na kulifunga bila kulitazama, na ukiwaambia maji yalikuwa na foleni, yalikuwa na mlinzi, yalikuwa na jivu lake la kulalia, wanakutazama kwa huruma. Wana picha nyingi kwenye simu, za chakula, za viatu, za nyuso zao. Mimi ninayo ile moja tu, ya kiganja kwenye jivu, na nadhani upepo wa ziwa umeshaichukua.