Bata Bukini, Treni, na Uso wa Katikati

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Warusi hawawezi kucheka. Si kwamba hawapendi, hawawezi. Aliyeniambia ni mwenzangu wa chumba, Mganda, askari wa mlangoni kwenye hoteli, aliyekuwa akiwafungulia mlango kutwa. "Ndugu yangu," alisema, "baridi ya kwao inagandisha mashavu wakiwa bado wachanga." Nami, mhitimu wa shule ya jioni, badala ya kumpinga nikamwongezea sayansi. Nikaeleza habari za damu na barafu mpaka chumba kizima kikaamini.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kunyoa watoto katika saluni moja hapa Dubai. Mlangoni pana kioo cha kugusa, cha kompyuta, chenye nyuso tatu: inayotabasamu, isiyo na habari, na iliyonuna. Mteja akitoka anagusa mmoja, na jioni arbab, yaani tajiri wetu, anasoma. Alikwisha kunionya: "Nyuso zako mbaya. Mwezi huu zikibaki hivi, khalas, unakwenda ghalani Al Quoz." Ghalani ni kubeba makatoni, na mgongo wangu tayari ulikuwa unalia kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumtia mashine.

Sasa, kila Alhamisi alikuja bibi mmoja wa Kirusi na mjukuu wake. Kwetu Mombasa, ukimtabasamia mtu asirudishe, ujue mna ugomvi. Nilimtabasamia bibi yule mpaka meno yakakauka kwa kiyoyozi. Ananitazama kama anasoma bei ya vitunguu. Akitoka, uso wa katikati. Kila wiki, wa katikati!

Alikuja na flashi yake ya katuni za kwao, za zamani, ili mjukuu atulie kitini. Mimi nilizoea katuni za kupigana nyundo. Hizi lo! Bata bukini mzee yuko stesheni, theluji inaanguka, anakunywa chai. Treni inafika. Anaitazama, anatazama kikombe, anaiomba radhi treni, iende tu, chai haijaisha. Inakwenda. Anajimiminia kingine. Mara ya kwanza nilidhani televisheni imekwama, karibu niipige kofi.

Lakini ukinyoa unatazama, utake usitake. Pole pole nikaona kwamba kichekesho chao hakiko kwenye kuanguka. Kiko kwenye kuguna, kwenye kimya, kwenye adabu ya mtu aliyechoka asiyetaka kuharakishwa. Katika katuni nyingine, hata dubu mwizi anabisha hodi, na akipewa kiti anaanza kueleza shida za nyumbani kwake.

Alhamisi moja nilifika kazini nikiwa maiti inayotembea. Treni ya metro ya kutoka Rashidiya ilikuwa imenipita mlango ukijifungia puani, na katika iliyofuata nilisimama kwa mguu mmoja, wa pili sijui ulikuwa wa nani. Bata bukini akaiomba radhi treni yake. Kicheko kikanitoka, si kile cha kazini, ni kicheko chenyewe, kutoka tumboni. Nikazima mashine, nikaketi kwenye kigoda cha watoto, machozi yananitoka.

Nyuma yangu nikasikia mlio kama wa gari bovu linalokataa kuwaka. Ni bibi. Mabega yanaruka, mkoba umeanguka.

Nilipomaliza kunyoa, nikamsindikiza mlangoni. Akagusa uso unaotabasamu.

"Madam," nikamwambia kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, "kumbe unaweza! Sisi tunajua mashavu yenu yameganda. Na hizi wiki zote unanigusia wa katikati, mimi nitapelekwa ghalani."

Akanitazama vilevile, kama bei ya vitunguu.

"Katikati ni kazi nzuri," akasema. "Wewe unanyoa vizuri. Huo mwingine nilidhani ni wa aliyechekeshwa, na leo nimechekeshwa. Mashavu yangu ni mazima. Sisi tunacheka sana, ila mtu tusiyemjua hatumtabasamii bure."