Mama Alipoulizwa Kuhusu Safari

Mama aliota mtoto wa jicho macho yote mawili, nami nikampeleka kutibiwa Dodoma, anakoishi kaka yangu. Meli tuliyopanda bandari ya Mkoani, Pemba, ilijaa pomoni. Mama alilala chini sakafuni, pembeni mwa matapishi ya wenzetu, kichwa juu ya mkoba wangu. Dar es Salaam tulipanda treni mpya ya umeme, akakaa kwenye kiti laini.

Njiani alipita kijana wa reli akiwauliza abiria wangependa waboreshewe nini.

"Bibi, umestarehe?"

"Nimestarehe, mwanangu. Starehe hizi zifikisheni na kwetu Pemba."

Akacheka kwa adabu. "Kule hakuna reli, bibi."

"Watu wapo," mama akamjibu.

Alitibiwa jicho moja, likapona. Tukarudi kwa meli ileile, akalala chini vilevile. Ulipofika wakati wa jicho la pili, alikataa katakata.

"Treni naitaka," aliniambia. "Meli siiwezi tena."

Sikumlazimisha. Jicho hilo sasa halioni kabisa. Redio ikitangaza kwamba mabehewa mengine yameagizwa ili abiria wazidi kustarehe, mimi huizima.