Mia Mbili Sabini na Tatu Yangu

Kijijini kwetu Endasak mimi ndiye yule mtu aliyepata C ya fizikia kidato cha nne. Nimehakikisha kila mtu anajua. Nimeisema kwenye vikao vya kijiji, nimeisema kanisani tukichangia paa, na siku moja niliisema msibani, mke wangu akanikanyaga mguu.

Kwa hiyo binti yangu wa kidato cha tatu alipoleta maswali ya joto, niliacha kupukuchua mahindi nikanawa mikono. Swali lilikuwa jepesi. Kilo moja ya shaba ili ipande joto kwa digrii moja ya selsiasi inahitaji kilojouli 0.4. Sasa iandike kwa jouli na kelvini. Nikamwambia: kilojouli kwenda jouli, zidisha kwa elfu moja, unapata mia nne. Selsiasi kwenda kelvini, jumlisha mia mbili sabini na tatu. Jibu, mia sita sabini na tatu. Nikaweka kalamu mezani kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ila baba, mwalimu alisema hapo hatujumlishi."

"Huyo mwalimu wako amezaliwa jana! Mia mbili sabini na tatu nimeijua kabla mama yake hajaolewa. Mkifanya jaribio, karatasi uniletee niione."

Akasema sawa, baba. Kwetu mtoto hambishii baba yake, na mimi nilipenda iwe hivyo.

Baada ya jaribio niliitwa shuleni. Nilienda na bodaboda, gambuti za shambani zikiwa bado miguuni. Mwalimu, kijana mpole, aliniamkia shikamoo akanipa kiti katika darasa tupu. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na ubao. Mwalimu akanieleza kwamba wanaoshindwa fizikia wanahamishiwa masomo ya sanaa, na huyu amekosa maswali yote ya kubadili vizio. Mtoto huyu anautaka uuguzi tangu yuko shule ya msingi, na bila fizikia huko hafiki.

"Hebu tufanyie lile la shaba," mwalimu akamwambia.

Akachukua chaki. 0.4 mara elfu moja, mia nne. Akaishia hapo.

"Na kelvini?"

"Inabaki mia nne, mwalimu. Hapa tunaangalia joto limepanda kiasi gani, siyo limefika ngapi. Selsiasi ikipanda digrii moja, kelvini nayo inapanda moja."

Nilielewa palepale, masikio yakapata moto. Anayepanda Mlima Hanang hatua mia amepanda hatua mia tu, awe ameanzia Katesh au hapa kwetu. Miaka yote hiyo najigamba, na jambo dogo kama hilo silijui.

"Sasa kwenye jaribio kwa nini umejumlisha mia mbili sabini na tatu kila mahali? Nani amekufundisha?"

Hakunitazama. "Nilichanganya mwenyewe, mwalimu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamgombeza. "Uwe makini, mama. Shule siyo mchezo."

"Ndiyo, baba."

Mwalimu akashusha pumzi. "Basi mzee, tumhamishe tu. Anayejua ubaoni halafu anakosa kwenye karatasi, mtihani wa taifa utammaliza."

Binti yangu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa tayari kupoteza uuguzi wake ili C yangu ibaki na heshima yake, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikimwacha.

"Mwalimu, ngoja," nikasema. "Aliyemfundisha ni mimi. Alinikatalia, nikamfokea." Sauti ilitoka ndogo mpaka nikalazimika kurudia.

Mwalimu aliinamia karatasi zake asinitazame. Afadhali angecheka. Akasema binti abaki, atampa jaribio jingine.

Tulirudi kwa miguu, yeye nyuma yangu. Tulipofika kwenye mashamba ya maharage nikasikia anavuta makamasi. Alipoambiwa atahamishwa hakulia. Sasa analia. Nikageuka nimwombe msamaha, nikaishia kutazama gambuti zangu.

Yeye ndiye aliyeongea.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nilitakiwa nikosee na pale ubaoni."