Posa ya Bi Esha

Kwa muda mrefu nimekana kwamba kuna mtu aliyekuja kwa miguu yake kumposa binti yangu. Nimekana mbele ya kaka yangu, mbele ya majirani wa Mabela hapa Maskati, na mbele ya shoga yangu Zuhura aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilisema posa ilikuja kwa simu, wanaume wamebanana kwenye kioo kama picha ya pasipoti ya ukoo mzima, na zaidi ya hapo hakuna kilichotokea. Basi leo nakiri. Alikuja mtu. Alikuja peke yake, mchana, bila viatu, akanikuta mimi nimevaa viatu vya kukodi.

Najua unavyonitazama. Hata mimi ningejitazama hivyo. Nimesoma chuo kikuu, naishi kwa kuandika makala, na katika makala hizo nimewahi kuwacheka sana watu wanaodai kukutana na viumbe barabarani. Mmoja wao alinipigia simu akaniambia, "Bi mkubwa, yatakukuta." Nilicheka, nikaiandikia makala simu hiyo pia. Kwa hiyo niamini ninapokuambia kwamba kisa hiki hakinipi faida yoyote. Nakisimulia kwa sababu ni kweli.

Kilianza na harusi. Binti yangu Salha alikwenda kusoma kaskazini kabisa mwa Norwei, akakutana huko na Twalib, kijana wa asili ya Lamu aliyekulia kwenye theluji. Wakataka kuoana hukohuko, mwisho wa majira ya baridi, jua linapoanza kurudi na theluji bado haijaondoka. Na sababu ya kuoana huko ilikuwa moja. Twalib alilelewa na bibi yake, Bi Esha, tangu mama yake afariki, na Bi Esha sasa alikuwa kitandani, hawezi kupanda ndege, hawezi hata kusimama. Kijana alisema hataoa mahali ambapo bibi yake hayupo.

Salha alipanga kila kitu na kunipa habari kwa sauti za simu. Ukumbi wa mbao kando ya ziwa lililoganda. Taa ndani ya vibuyu vya barafu, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Akanitumia picha: nyeupe juu, nyeupe chini, na katikati mstari mweusi aliosema ni msitu.

"Mama, si pazuri?"

"Pazuri kwa kuhifadhi nyama," nikamjibu. "Na hina itakolea vipi? Hina yataka joto."

"Tutawasha hita."

"Asumini je?"

"Itakuja na ndege."

"Itafika majani ya chai. Na udi?"

"Udi hatuwezi, Mama. Kengele ya moto ya ukumbi italia, zimamoto watakuja."

"Basi hiyo si harusi, Salha. Huo ni mkutano."

Nilijiona mjanja sana. Ukweli ni kwamba sikuwa na ugomvi na hina wala udi. Baba yake Salha alishafariki, na mimi sina mtoto mwingine. Niliogopa kwamba akiolewa huko atabaki huko, na mimi nitabaki Mabela na vyumba vyangu vitano na feni zake. Lakini mwanamke aliyesoma hasemi, "Usiniache." Anatafuta hoja.

Nami nikaipata. Kaka yangu, ambaye ndiye walii wa Salha, msimamizi wa kumwozesha, alikuwa ameniambia, "Mie ntaozesha, lakini wewe mamake ndio useme kwanza." Kila kitu kikawa kinasubiri neno langu. Nikasema hivi: posa ya simu si posa. Kwetu mwanamke mkubwa wa upande wa mume huja mwenyewe, akasema haja yake, akajibiwa. Bi Esha na aje mwenyewe. Akija, nitamjibu.

"Mama, hawezi hata kujigeuza kitandani."

"Basi tusubiri apone."

"Ni mzee. Mtu haponi uzee."

"Mungu ni mkubwa," nikasema.

Umeona? Nilimtia Mungu ndani ya ujanja wangu, na nilijua vizuri nasubiri nini. Sikulitamka, ila nilijua kwamba ajuza yule akiondoka, sababu ya ile theluji yote inaondoka naye. Salha naye alijua. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mama, sema hapana. Ukisema hapana nitajua nina mama aliyenikatalia. Hivi sasa sijui nina nini. Sitaolewa bila wewe, lakini na nyumbani pia sirudi." Akataka kunitumia picha ya Bi Esha, angalau nimwone sura. Nikamwambia sitaki picha, nataka mtu.

Sasa sikiliza ujinga wa msomi. Niliona sharti peke yake halitoshi, nikataka na ushahidi kwamba hata mwili wangu hauwezi theluji. Hapa Maskati kuna duka kubwa lenye ukumbi wa theluji, watoto huenda kuteleza. Nikamchukua Zuhura. Mpango ulikuwa niingie, nitetemeke, anipige picha, nimtumie Salha.

"Shoga," Zuhura akaniambia garini, "wewe ukifungua friji wavaa sweta. Ushahidi wa nini tena?"

Ilikuwa Jumatano baada ya alasiri, watoto hawajaanza kuja. Msichana wa Kikenya kwenye kaunta alinipa koti la kukodi na viatu vya theluji. "Mum, hizi ni kubwa kidogo lakini zitakushika," akasema. "Usikimbie tu huko ndani." Nikamwambia binti, mara ya mwisho mimi kukimbia nilikuwa nasoma msingi.

Zuhura alipiga picha zake mlangoni, akasema masikio yanamuuma, akatoka kwenda kunywa chai ya karaki. Nikabaki peke yangu. Sijui kama umewahi kuingia mle. Theluji inalia chini ya kiatu kama unakanyaga unga wa mhogo. Taa ni za buluu, hujui ni alfajiri au magharibi. Na kila ukipumua moshi unakutoka, mimi nikawa natoa mvuke kama birika. Nitasema kweli, nilianza kufurahi. Nikazunguka kilima cha theluji ili Zuhura asinione ninavyofurahi.

Nyuma ya kilima amesimama bibi kizee.

Alikuwa mfupi, amejitanda leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na miguu yake ilikuwa mitupu juu ya theluji. Sikuogopa. Niliona huruma. Nilidhani ni mama wa mtu, ana ugonjwa wa kusahau, amewapotea wanawe madukani. Wanawake wa umri ule wanaosema Kiswahili si wageni kwetu. Nenda kliniki yoyote ya Ruwi, hapahapa mjini, utawakuta wanabishana juu ya zamu.

"Shikamoo bibi," nikamwambia. "Utaugua! Umekuja na nani?"

"Marahaba. Nimekuya mwenyewe," akasema kwa lafudhi ya Lamu. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Hapo ndipo nilipoona. Moshi wangu ulikuwa umetanda baina yetu. Mtu akizungumza kwenye baridi ile, maneno yake huonekana. Yake hayakuonekana. Midomo ilikwenda, sauti nikaisikia vizuri, na hewa mbele ya uso wake ikabaki safi kama kioo kilichofutwa.

Je, wewe ungefanya nini? Naye hakunitisha. Alizungumza kama mtu aliyekuja kwa shughuli na ana njia ndefu ya kurudi.

"Mjukuu wangu nimemlea kwa mikono hii," akasema. "Hajui kupika wali, takuambia kweli. Lakini hajanilaza na kiu hata usiku mmoja. Nimekuya kumuombea mwanao."

Nikasema, nadhani nilisema, "Wewe ni nani?"

"Wanijua." Akanitazama, si kwa ukali. "Na uliogopalo nalijua. Nami kwetu si kule. Nalimfuata mtoto, nikakuta baridi. Baridi mtu huizowea, mwanangu. Kukosa mtoto hakuzoweleki." Kisha akakusanya leso yake kifuani, kama wafanyavyo wanawake wakubwa wakishamaliza kusema. "Haya. Nijibu."

Ndiyo au hapana. Hilo tu ndilo alilokuja kutaka, nami ndiye niliyesema, akija nitajibu. Nilifungua mdomo, ukatoka moshi mtupu. Kisha nikakimbia.

Kukimbia kwenyewe kwa viatu vile kulikuwa kama kukimbia na ndoo mbili. Nilianguka, nikaamka, nikafika mlangoni kwa magoti zaidi kuliko miguu. Msichana wa kaunta alinishika mkono.

"Mum, si nilikuambia usikimbie! Na tafadhali, mwambie mamako hapa hatuingii bila viatu. Bosi akiona, ni mimi nitapigiwa kelele."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu kwenye theluji yote ile. "Nitamwambia," nikasema.

Zuhura aliniona nimepauka, akauliza kulikoni. Nikamwambia nimeteleza. Akanionyesha picha alizopiga, na wallahi zilikuwa nzuri, natetemeka kama mgonjwa wa malaria. "Haya, ushahidi wako huu." Sikumtumia Salha picha hata moja.

Siku mbili zilizofuata nilijieleza mwenyewe kama wakili. Nilisema alikuwa mgeni wa zile meli za watalii zinazotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, hao huvaa chochote. Nilisema ni mgonjwa wa watu, na kwamba maneno yake nimeyatunga mimi kwa hofu. Kuhusu viatu, yule msichana naye alimwona, kwa hiyo alikuwa mtu, na mtu hutoka kwa mlango mwingine. Kuhusu pumzi sikupata la kujiambia. Na bado jibu sikulipeleka, si kwa Salha wala kwa mtu yeyote.

Kabla sijakueleza jinsi shauri lilivyokatika, nikuambie lililonibakia mpaka leo. Mtu mzima nisiyemjua akinisalimu mahali penye baridi, natazama mdomo wake kabla ya macho yake. Makala za kuwacheka watu nimeacha kuandika. Mhariri anadhani nimezeeka, nami simkosoi. Na sharti siweki tena kwa mtu, hata kwa fundi bomba.

Nawe nakuonya, kwa sababu najua wengi wetu tuna tabia hii. Ukitaka kukataa, kataa. Ukitaka kukubali, kubali. Usimwekee mtu sharti kwa kuwa unaamini haliwezekani, ukajificha nyuma yake na kumwita Mungu shahidi. Hujui nani amekusikia, na hujui mtu anayempenda mjukuu wake anaweza kufika wapi.

Sasa simu yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, mimi nakunja nguo. Jina la Salha likatokea. Nyuma yake nilisikia watu wengi chumbani, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, kaa kwanza."

Nikakaa. "Bi Esha amefariki," nikasema, na nakuapia sikufurahi.

"Hapana. Ameamka. Alikuwa amelala tangu juzi Jumatano, hawawezi kumwamsha, daktari akatwambia tujitayarishe. Leo kafumbua macho kaomba chai." Akavuta pumzi. "Lakini Mama, anasema mambo ya ajabu. Ati alikuja kwako akakuomba, na wewe ukamkimbia."

Zuhura nilimwambia nimeteleza. Kaka yangu sikumwambia chochote. Neno kukimbia sikulitamka kwa kiumbe yeyote.

"Twalib anasema ni dawa," Salha akaendelea. "Na mimi nasema ni dawa. Mama?"

"Nipe niseme naye."

"Mama, hajui anachosema, usije ukamkera..."

"Salha. Nipe bibi."

Kukawa na mkwaruzo, simu inapelekwa, mtu anasogeza mto. Nilikuwa nimeshasimama bila kujua nimesimama lini. Kisha ikaja ile sauti, ileile, bila salamu, kwa sababu salamu tulikwisha kupeana.

"Nangoja jibu," akasema.

"Tumeridhia, bibi," nikamwambia. "Mwanangu ni wenu."

Nilimsikia Salha akianza kulia mahali fulani chumbani. Bi Esha hakunijibu mimi. Nadhani aligeuza uso kwa waliokuwa naye, na sauti ikawa mbali na simu, ya mtu aliyemaliza shughuli yake.

"Alhamdulillahi. Basi nilazeni," akawaambia. "Kwao ni mbali."