Mlinzi wa Chini ya Mivinje

Kamati ya wakazi wa esteti moja ya kilima cha Mbuya, ilipokutana baada ya serikali kuondoa amri ya barakoa, ilitamka kwamba hewa ya esteti ni safi kuliko hewa yoyote ya Kampala. Kwamba usafi huo unatokana na mivinje iliyopandwa langoni, ambayo ndiyo mapafu ya esteti. Na kwamba kwa hiyo mlinzi hana tena sababu ya kuficha uso wake. Tamko lilibandikwa ndani ya kibanda cha lango, mahali ambapo mhusika angeweza kulisoma kutwa nzima.

Mhusika aliitwa Obwona. Alizaliwa karibu na Kitgum, akakulia kambini wakati wa vita vya kaskazini, akaja Kampala akiwa kijana mrefu ambaye kila aliyemwona aliamua papo hapo kwamba ni askari wa lango. Alibishana na uamuzi huo kwa miaka michache, kisha akaukubali. Kampuni ya ulinzi ilimpa sare na rungu. Esteti ilimpa chumba nyuma ya jenereta, na humo aliishi na mkewe Akullo, ambaye aliwashonea wakazi mapazia. Chumba kilikwenda na lango: asiyeshika lango hana chumba. Naye Akullo alikwisha kusema kwamba hahami tena mahali popote, kuhama alikumaliza utotoni.

Mivinje huchanua wakati wa jua kali, na maua yake si ya kumpelekea mtu mgonjwa. Kinachoonekana ni chavua, vumbi laini la njano linaloshuka taratibu juu ya magari meusi, juu ya nguo zilizoanikwa na, kwa kuwa kibanda kilijengwa chini ya matawi ili mlinzi apate kivuli, juu ya Obwona. Wakati wa barakoa hakuna aliyejua kwamba ana shida nalo, hata yeye mwenyewe. Sasa alipiga chafya akifungua lango, akapiga chafya akilifunga, na macho yakavimba yakawa mekundu. Kampala, mlinzi mwenye macho mekundu asubuhi ana maelezo ya aina moja tu, nayo huuzwa kwenye vichupa vidogo vya plastiki.

Mwenyekiti wa kamati, mstaafu mpole wa benki, alisimamisha gari akashusha kioo.

"Obwona, umekunywa?"

"Hapana, mzee. Ni hii miti."

"Miti imekunywa?"

"Mzee, iko na vumbi. Inaingia kwa macho."

"Hiyo ndiyo hewa safi. Mwili wako haujaizoea." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Nikikukuta tena na macho hayo, itabidi niombe kampuni ilete mtu mwingine. Unanielewa?"

"Ndiyo, mzee," akasema Obwona, akapiga saluti na chafya kwa pamoja.

Kwenye zahanati walimpa vidonge. Vilifanya kazi siku ileile: pua ilikauka, macho yakatulia, na Obwona akalala usingizi mzito ameegemeza shavu kwenye nondo za lango, huku lori la maji likipiga honi mpaka Akullo akatoka mbio na pini za kushonea mdomoni kulifungua. Hesabu ikawa wazi. Akiwa macho atafukuzwa kwa ulevi, akipona atafukuzwa kwa kulala. Aliuliza kama angeweza kulinda lango la nyuma. Akakumbushwa kwamba lango la nyuma lilizibwa kwa matofali, kwa ajili ya usalama.

Akullo akalichukua jambo mikononi. Alikuwa na moo ya, mafuta ya karanga za mti wa kwao ambayo mama yake humtumia kwa basi, na watoto wa kaskazini hupakwa puani upepo wa kiangazi unapokausha kila kitu. Akampaka mumewe. Chafya zikapungua.

"Na macho je, nayo tuyapake?" Obwona akauliza.

"Tukishayapaka, kilichobaki ni kukukaanga."

Kesho yake akamnunulia miwani ya jua kwa mchuuzi, mikubwa, myeusi tii. Obwona akaivaa, na mambo yakanyooka. Vumbi halikufika machoni, na wekundu haukuonekana. Kwa siku kadhaa alishika lango kama mtu mwenye haki ya kulishika.

Kisha Mama Juliet, muuguzi mstaafu wa nyumba ya mwisho, akarudi kutoka kumtembelea mwanawe. Langoni alimkuta mwanaume mrefu wa kaskazini mwenye miwani myeusi, ambaye aliinama polepole kwenye dirisha la gari, kama kampuni ilivyomfundisha, ili kumsalimia. Watu wa umri wa Mama Juliet waliwahi kuinamiwa na wanaume wa namna hiyo, majasusi wa serikali wa miaka ya sabini, na kaka yake alipanda gari lao asirudi. Hakungoja salamu. Alirudi kinyumenyume mpaka chini ya kilima, gurudumu moja likipita mtaroni, akaenda Makindye kwa dada yake, na kutoka huko akampigia mwenyekiti simu.

"Wamerudi," alisema.

"Kina nani?"

"Wale. Wako langoni kwetu."

Kesho yake Obwona akaitwa nyumbani kwa mwenyekiti, na Akullo akaanza kufunga vyombo. Mama Juliet alikuwepo, mwenyekiti alikwisha kwenda kumchukua Makindye, mkoba mapajani.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Hebu vua nikuone."

Akavua. Muuguzi akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Huyu hajanywa. Miti ndiyo inamla. Mpeni barakoa yake."

Mwenyekiti akaeleza, kwa upole, kwamba tamko likibadilishwa itakuwa kusema hewa si safi, na watu wamejenga hapa kwa ajili ya hewa. Miwani, kwa kuwatisha wakazi, imepigwa marufuku. Barakoa ilikwisha kupigwa marufuku zamani. Ila kwa kuwa imethibitika kuwa mlinzi si mlevi, kamati itaiomba kampuni imwache kwenye lango lilelile kwa miaka miwili zaidi, pamoja na chumba chake.

"Unasemaje, Obwona?"

Obwona aliwaza vyombo vilivyofungwa nusu nyuma ya jenereta, akasema asante, mzee. Hapakuwa na neno jingine la kusema ambalo lingeishia na chumba.

Mazungumzo hayo yote yalifanyika jikoni. Sebule ya mwenyekiti inatazama mivinje, na madirisha yake yamefungwa tangu mwezi wa pili, kwa sababu ya kifua cha mkewe.