Baba wa Ng'ambo ya Uwanja

Simu iliingia asubuhi nikiwa kwenye cherehani, katikati ya majoho ya chekechea. Huu ndio msimu wake, wasomaji wangu mnaujua. Kila shule hapa Kharumwa inataka watoto wake wavae joho la buluu na kofia yenye kishada, hata kama mvaaji bado hajui kujifunga kamba za viatu. Nilipoona ni rafiki yangu niliyesoma naye kijijini, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa huko akimuuguza baba yake, nilijua kabla sijapokea. "Dada, mzee ametutoka," alisema. Nikampa pole. Nilisikia kwa mbali wanawake wakilia na mtu akiuliza turubai liko wapi. Kisha akasema, "Nilikuwa natoa vitu chumbani. Nimekuta ule mfuko chini ya kitanda. Njuga bado zimo." Sikumuuliza mfuko gani. Ninyi sasa ndio nitawaeleza, kwa sababu tangu asubuhi ile sijaweza kufikiria kitu kingine.

Marehemu hakuwa ndugu yangu. Alikuwa baba wa rafiki yangu, mkulima wa pamba na mpunga, mwenye ng'ombe wachache na sauti nene, na kwa watu wa rika lake alikuwa kwanza kabisa mchezaji ngoma wa Wagalu. Kwa msomaji ambaye si wa huku, niseme kwamba Wasukuma tuna pande mbili za ngoma, Wagalu na Wagika, na mtu akishakuwa wa upande mmoja huzeeka nao. Zinaposhindana, ngoma zote mbili huchezwa kwa wakati mmoja, moja mwisho huu wa uwanja na nyingine mwisho ule, na hakuna mwamuzi. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi. Anayevutiwa na huku husimama huku, akipendezwa na kule huvuka katikati ya uwanja mbele ya macho ya watu wote. Jua likianza kushuka, walipo wengi ndipo penye ushindi. Kwa hiyo kuvuka uwanja si jambo dogo. Mgalu mwenye jina lake akivuka kwenda kwa Wagika, atachekwa hadi msimu mwingine wa pamba.

Shule yetu ya msingi iliuchukua mtindo huo kwa siku ya kufunga shule mwezi wa Desemba. Wiki hiyo nzima hakukuwa na masomo. Tulirudisha vitabu, tukasugua madawati kwa mchanga, tukasiliba sakafu za madarasa kwa udongo na samadi, na kila mtoto alitoka nyumbani na kopo la mchele na kuni kichwani. Siku yenyewe wazazi walikuja na viti vyao. Kwanza tulisimama mstarini, tukasomewa nafasi zetu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na yule wa mwisho alisimama pale jua linamchoma huku harufu ya pilau ikipita puani. Halafu ndipo ngoma. Mwalimu alikuwa ametugawa kwa madawati: waliokaa upande wa dirisha walikuwa Wagika, waliokaa ukutani Wagalu. Hakuuliza nani anatoka nyumba gani. Walioshinda walikula kwanza, pamoja na walimu, na nyama ilikuwa yao. Walioshindwa walisubiri ukoko.

Mwaka tulipokuwa darasa la sita, rafiki yangu alikaa dirishani na mimi nilikaa naye. Yeye ndiye aliyekuwa manju wetu, yaani mwimbishaji, na ujuzi huo aliupata kwa baba yake mwenyewe. Jioni baada ya kukama, yule mzee, ambaye wakati ule hakuwa mzee, alimfundisha uani namna ya kukanyaga ili njuga zilie pamoja, na namna ya kuacha wimbo hewani kidogo kabla ya kuushusha. Nilikuwapo usiku mmoja kabla ya kufunga shule, nimekaa kwenye kinu, alipomtania. "Mwalimu wako kakutupa kwa maadui, ng'wanawane," yaani mwanangu. "Mtu wa nyumba hii anaimbia Wagika! Babu yako angesikia angefufuka." Rafiki yangu akacheka. "Basi kesho na wewe utakuja kwa maadui, baba." Naye akajibu, "Tutaona." Mtu mzima anaposema tutaona, anafunga mazungumzo akalale. Mtoto yeye husikia ahadi. Njiani kesho yake asubuhi aliniambia, "Baba akija kwetu, wanaume wote watamfuata. Tumeshinda."

Na ilikuwa kweli. Aliposimama yule mtu, watu walisimama. Tulijipaka mkaa uliosagwa kwenye paji la uso tukidai ni dawa ya kuvuta watu, na wale wa ukutani walituzomea: "Dawa gani hiyo? Mmelala jikoni!" Ngoma ilipoanza tulikuwa sawasawa nao, labda tulikuwa juu kidogo. Akina mama wengi walikuwa kwetu, mama wa rafiki yangu akiwemo, na mtoto mgongoni. Kisha baba yake akaingia kutoka upande wa barabara, kofia mkononi, akisalimiana na watu. Akasimama kwa Wagalu. Rafiki yangu hakutetereka. Msichana mmoja akamnong'oneza, "Mbona baba'ako yuko kule?" Akajibu huku akicheza, "Anawaaga tu." Tukacheza. Wanaume wakawa wanaongezeka kule. Ndipo rafiki yangu akafanya jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi. Aliacha wimbo wetu, akatunga papo hapo, akimwita baba yake kutoka ng'ambo ya uwanja: aje aone miguu aliyoifundisha, aje asimame karibu. Uwanja mzima uligeuka kumtazama yule mtu. Wengine walipiga vigelegele. Rafiki zake wakamsukuma begani wakicheka, "Unaitwa huko, nenda kwa wakwe!" Naye akacheka, akainua kofia juu, akajibu kwa sauti yake ile, "Mgalu havuki!" Watu wakashangilia sana. Lilikuwa jibu zuri, kusema kweli, na mtu yeyote wa huku angelifurahia. Ila sisi tuliokuwa tumesimama karibu na manju wetu tuliuona uso wake, na tulimsikia akiuokota tena ule wimbo wetu wa mwanzo, lakini hakuuinua tena. Akina mama nao walianza kuvuka. Mwisho tulibaki na mama yake na watoto wa darasa la kwanza.

Tulikula ukoko. Yeye hakula. Alizivua njuga, akazifunga kwenye kitambaa, na alipofika nyumbani akazitundika ukutani kwenye msumari wa baba yake. Sitawadanganya kwamba maisha yake yaliharibika pale. Hayakuharibika. Aliolewa Nkome, anaanika dagaa na kuwasafirisha, na amelea watoto wenye adabu. Baba yake alipougua, yeye ndiye aliyekwenda kumwogesha. Hakuwahi kumtolea neno baya. Lakini hakuimba tena wala hakucheza tena, si harusini, si kanisani, na alipoulizwa alisema miguu inamuuma. Kwa mtu aliyemsikia siku ile, hiyo ni hasara, na siwezi kuiita jina jingine.

Miaka mingi baadaye yule mzee alikuwa akija kwangu kupunguziwa suruali, maana alikuwa anakonda. Siku moja, bila mimi kumwuliza, akasema, "Mayu," yaani mama, "mwenzako alikuwa anawazidi wale watoto. Unakumbuka?" Nikasema nakumbuka. "Nilijua tangu wimbo wa pili," akasema. "Miguu yangu ilitaka kwenda. Nakwambia ukweli, kisigino kiliinuka." Nikamwuliza kwa heshima, "Sasa baba, kilichokuzuia ni nini?" Akasema, "Wangenionaje wenzangu?" Nikamwuliza wale wenzake wako wapi siku hizi. Akaanza kuwataja mmoja mmoja. Yule alikufa, huyu alihamia Ushetu kwenye tumbaku, huyu mwingine alifuata dhahabu na hakurudi. "Hata hawakumbuki," akasema. "Nimewauliza waliobaki. Hakuna anayekumbuka siku ile isipokuwa mimi na yeye." Nikamshauri amwambie bintiye hayo maneno aliyoniambia mimi. Akatikisa kichwa. "Maneno ni mepesi. Nitavuka. Mjukuu akianza shule, nitakwenda siku ya kufunga, nitasimama kwake, na nitacheza. Mama yake ataona."

Mjukuu huyo alimaliza chekechea mwaka jana kule Nkome. Mimi ndiye niliyeshona majoho, kwa hiyo nilikuwapo. Mzee alifika asubuhi mapema, amevaa shati jeupe, amekumbatia mfuko wa salfeti uliokuwa ukilialia kila alipopiga hatua. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakizunguka uwanja. Palikuwa na turubai moja kubwa, viti vya plastiki vimepangwa vikitazama mbele, spika mbili ndefu, na mshereheshaji kijana aliyekuwa akipiga kelele kwenye maikrofoni. Watoto waliingia kwa muziki wa spika, wakiyumba kidogo ndani ya majoho, na wazazi wakainua simu kuwapiga picha. Mzee akamgusa mwalimu aliyekuwa karibu. "Mwalimu, mjukuu wangu yuko upande gani?" Mwalimu, binti mpole tu, akamwinamia. "Babu, hakuna pande. Wote ni washindi leo. Kaa hapa, uone vizuri." Akamvutia kiti. Mzee akakaa, mfuko mapajani, mikono juu ya mfuko kuzuia njuga zisilie wakati wa risala. Rafiki yangu alikuwa amekaa safu ya mbele, hakugeuka. Shughuli ilipokwisha, mjukuu alikuja mbio na kishada kikimpiga usoni. "Babu, umeniletea nini humo?" Mzee akasema, "Hamna kitu, mjukuu. Vyuma tu." Nilimwona rafiki yangu akiutazama ule mfuko. Aliutambua, maana hakuna mtu aliyelelewa kijijini kwetu asiyeijua sauti ile. Alifungua mdomo, halafu akamuuliza baba yake kama ameshakunywa chai.

Sitaki mdhani nalilia mambo ya kale. Yule mtoto aliyesomwa wa mwisho mbele ya kijiji kizima, akangoja kwenye jua mpaka wengine wale, hakutendewa haki, na nafurahi kwamba wajukuu zetu hawapitii hayo. Mwalimu yule wa Nkome alisema jambo jema. Ninachokiona tu, nikiwa na elimu yangu ndogo, ni kwamba turubai moja limewaondolea wazazi kazi fulani. Hakuna tena anayelazimika kusimama na kutembea mpaka alipo mtoto wake huku watu wakimtazama. Na ile tabia ya kubaki waliko wenzetu haijatuacha. Watu wa ukanda huu tunaijua vizuri. Ikisemekana dhahabu imeonekana mahali, tunaacha pamba shambani haijavunwa, tunakwenda kulekule walikokwenda wengi, na ukimwuliza mtu kwa nini amekwenda atakwambia kila mtu alikuwa anakwenda. Tunaogopa sana kuonekana tumesimama peke yetu. Wakati huohuo kuna mtu mmoja ng'ambo anaangalia miguu yetu, na kwake yeye kundi lile lote si kitu.

Tulimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Wagalu wachache waliobaki walikuja, wazee wenye fimbo, na kama ilivyo desturi yao walisimama pamoja upande mmoja wa kaburi. Wana wa marehemu waliwekwa upande wa pili, pamoja na padri. Baada ya sala, kabla udongo haujaanza kumwagwa, rafiki yangu alitoka kwenye mstari wa ndugu zake. Shangazi mmoja alimshika kitenge: "Unakwenda wapi? Watoto wanakaa huku." Alilizunguka kaburi polepole, mbele ya macho yetu sote, akaenda kusimama katikati ya wale Wagalu wazee. Mkononi alikuwa na ule mfuko. Akatoa njuga, akazifunga miguuni bila haraka, akakanyaga mara moja, na zikalia pamoja, vilevile alivyofundishwa. Wazee wakainamisha vichwa. Halafu akaanza kulia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa dirishani.

Nimerudi kwenye majoho yangu. Wiki ijayo shule zinafunga, na wengi wenu mmeshapewa mwaliko. Nendeni. Mkifika, msitafute kwanza kiti chenye kivuli wala marafiki wa kukaa nao. Mtafuteni mtoto kwa macho mpaka naye awaone, na kama kuna uwanja katikati yenu, uvukeni siku hiyohiyo, watu wacheke wanavyotaka. Yule mzee kisigino chake kiliinuka. Ndivyo alivyoniambia, na namwamini. Ila binti yake alikuwa ng'ambo, na kwa umbali ule kisigino kilichoinuka hakionekani.