Mashua ya Qurus na Kiti cha Mzee Bura

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninaposhika nyundo, mwanangu, na kila ninapoikumbuka masikio hupata moto kwa aibu, kisha nacheka. Ilikuwa asubuhi ya ukungu huku kwetu Qurus, nami nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba nikichomoa misumari ya mzee wa watu.

Najua nasaha ni kazi ya wenye mvi. Mimi bado sina hata unywele mmoja mweupe, ingawa mama yako husema kwa jinsi ninavyohangaika hautachelewa. Lakini nikingoja uzee, naogopa nitakuwa nimekipiga msasa kisa hiki mpaka kisifanane tena na kilivyokuwa. Basi kipokee kikiwa na makovu yake.

Wakati huo wewe ulikuwa bado tumboni. Nilikuwa nafanya kazi jikoni katika loji moja karibu na mji wa Karatu, na saa za mapumziko nilitazama kwenye simu watu wa mbali wakiunda mashua ndogo za mbao nyumbani kwao. Sijui ni kitu gani kiliniingia. Sisi ni watu wa mlimani. Tunajua ngano, mahindi, maharage ya ngwara na ng'ombe, na maji tunayoyajua ni ya kuchota. Lakini mvua za mwaka ule zilijaza bwawa lililo bondeni likafurika mpaka kwenye majani, na upepo unaoshuka kutoka ukingo wa Kreta, lile shimo kubwa la volkano huko juu, ukawa unachora mawimbi juu yake. Nilisimama pale na bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, nikajisikia nasema, "Bibi, nitaunda mashua yenye tanga, nikupandishe hapa."

Bibi alikuwa hajawahi kukanyaga chombo cha majini maisha yake yote. Akanitazama kwa jicho moja. "Kabla sijaenda Mbulu?"

Baada ya Pasaka alikuwa anahamia Mbulu kwa mjomba, akakae huko moja kwa moja.

"Kabla hujaenda," nikamwambia. Ahadi ni deni, mwanangu, na mimi nililikopa mbele ya ng'ombe wote wa kijiji.

Nilinunua mbao za paina. Nikapima, nikakata, nikapima tena. Mwalimu sikuwa naye, ila simu na hofu yangu. Ubao ukitofautiana na mwenzake kwa unene wa ukucha, niliubandua nikaanza upya. Watu waliopita njiani hawakuninyima mzaha. "Nuhu, gharika lini? Tuanze kukusanya mbuzi?" Nami nilitabasamu huku nikihesabu makosa yangu.

Sasa, huku kwetu kazi kubwa ikianza nyumbani kwa mtu, hakuna anayengoja kualikwa. Ukiezeka, ukivuna, watu huja na vifaa vyao, mwenye nyumba anateleka chungu cha makande, na kazi inakwisha katikati ya kelele. Kwa hiyo walikuja. Wa kwanza alikuwa Mama Neema, mshonaji wetu, aliyekuja kuulizia tanga.

"Tanga nitashona mwenyewe, mama," nikasema.

"Wewe? Cherehani unaijua?"

"Nitajifunza."

"Haya, fundi wa simu." Akaenda zake akicheka, lakini hakucheka kwa moyo wote.

Mzee Bura, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, yeye hakuuliza. Nilipoingia ndani kunywa chai, alichagua ubao, akaupigilia ubavuni mwa mashua kwa misumari yake mwenyewe. Nilipotoka alikuwa anajipangusa mikono. "Nimekusogezea kazi, mjukuu wangu."

Sitakudanganya ili nimheshimu: ubao ule ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa. Nikamshukuru. Kesho yake, jua likiwa bado halijatoka, ndipo nilipopiga magoti nikaanza kuchomoa msumari mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimebakiza wa mwisho nikasikia mtu anakohoa. Mzee Bura alikuwa amesimama njiani, amebeba mbao nyingine begani za kuniletea. Akautazama ubao wake uliolala kwenye umande.

"Kazi njema, mjukuu wangu," akasema, akageuka na mbao zake.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningepata cha kujibu. Kuanzia asubuhi ile hakuna jirani aliyetia mguu uani kwetu. Na ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilifurahi. Nikasema moyoni, sasa nitafanya kazi kwa utulivu.

Mashua ikatoka nzuri, hilo nitalisema hata kanisani. Maungio yake hayakupitisha wembe. Kiti cha katikati nilikipaka vanishi mpaka kikaonyesha sura yangu, na sura yenyewe ilikuwa imechoka. Tanga tu ndilo lililonishinda kidogo, lakini nililikunja vizuri watu wasilione.

Kati ya nyumba yetu na bwawa kuna lile korongo, na gari halipiti. Mashua ilihitaji mabega ya watu. Jumapili nilitangaza nje ya kanisa kwamba Jumamosi inayofuata tutaishusha. Watu wakasema, "Hongera sana." Jumamosi ikafika. Mama yako, na tumbo lake, akateleka makande. Tukangoja. Makande yakaiva, yakarojeka, yakaanza kushika chini. Njia ilibaki nyeupe, haina mtu. Na Jumatatu mjomba alikuwa anakuja kumchukua Bibi. Mabegi yake yalikuwa yameshafungwa, yako mlangoni.

Nilijaribu kuisukuma peke yangu. Ikasogea hatua moja, ikatulia. Kidole kimoja hakivunji chawa, seuze kubeba mashua.

Bibi akatoka na kigoda chake, akaketi karibu. Akaipapasa mashua kama anavyopapasa ndama. "Imekwisha?"

"Imekwisha, Bibi. Hakuna hata kitu kimoja kilichobaki."

"Huo ndio ugonjwa wake," akasema.

Nikageuka kumtazama. Akavuta shali yake, akaendelea bila haraka. "Babu yako aliezeka kuliko watu wote wa huku. Tulipojenga nyumba yetu ya kwanza aliezeka pande zote, akauacha upande wa mlango. Nikamwuliza, umechoka? Akasema, hapana, ule ni wa watu. Wakaja, wakaezeka vibaya, ukavuja kila masika. Na kila ulipovuja, waliokuja kuziba ni walewale, tena na maziwa wakaleta. Wewe mwenzangu umeziba kila mahali. Sasa watu waingilie wapi?"

"Lakini Bibi, ubao wa Mzee Bura ulikuwa umepinda!"

"Na shingo yako je? Hukuiona ilivyopinda ukimwangalia?"

Mama yako alicheka mpaka akashika mgongo. Mimi sikucheka. Nilichukua bisibisi, na mwanangu, katika kazi ile yote hakuna lililoniuma kama hili: nilifungua kile kiti changu kinachong'aa, nikakitoa. Katikati ya mashua pakabaki tundu kama pengo la jino. Kisha nikachukua tanga langu kwapani, nikavuka korongo.

Nilimkuta Mzee Bura akipukuchua mahindi. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Nimekuja kuomba. Mashua haina kiti."

"Kiti nilikiona nikipita. Mtu angeweza kunyoa ndevu mbele yake."

"Nimekitoa."

Hapo akainua macho. "Umekitoa? Kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Mimi ndiye niliyefanya. Niling'oa ubao wako kwanza. Nisamehe, Babu."

Akapukuchua gunzi zima. "Mbao zangu hupinda," akasema mwishowe.

"Hupinda, Babu. Nimeziona."

Ndani ya nyumba mkewe akaangua kicheko, na mzee naye akashindwa kujizuia. "Mtoto mwongo ningemfukuza," akasema. "Niletee nyundo yangu, twende."

Kwa Mama Neema sikuhitaji maneno mengi. Alilikunjua tanga langu akalishika mbali na uso. "Hili ni tanga au shuka la mgonjwa?" Akafumua kila mshono niliokuwa nimeutolea jasho, akaushona upya. Uzi wa buluu ukamwishia katikati, akamalizia kwa mwekundu bila kuniuliza. Nikaona, nikauma ulimi, nikashukuru. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kweli.

Jumapili baada ya ibada walikuja. Sijui nani aliwaambia. Huku habari haina haja ya simu. Walipitisha miti ya mikaratusi chini ya mashua, wakainyanyua, wakashuka nayo korongoni wakiimba kama wanaopeleka bwana harusi. "Taratibu, ina mimba!" mmoja akapiga kelele, na mama yako akamjibu, "Mwenye mimba yuko huku, mbebe na mimi basi!" Walikwaruza ubavu kwenye jiwe. Nilisikia sauti ya mkwaruzo ule hadi kwenye meno, nikaendelea kutembea.

Bibi alipanda kwa kushikwa mikono na watu wanne, akaketi juu ya kiti cha Mzee Bura, kimepinda hivyohivyo, akasema kinamfaa kiunoni. Nikainua tanga. Upepo wa Kreta ukaja, tanga likajaa, na mashua ikaondoka, mwanangu! Ikaondoka kweli! Maji yaliingia kidogo kwenye yale maungio yasiyopitisha wembe, Bibi akayachota kwa kata akiyatupa nje na kupiga vigelegele. Ukingoni watu walirusha kofia.

Tulifika ng'ambo tukapanda matopeni katikati ya ng'ombe waliokuja kunywa.

"Vizuri," Bibi akasema. "Sasa turudi."

Ndipo nilipogundua kwamba miezi yote ile nilijifunza kuunganisha mbao, kupiga msasa na kupaka vanishi, lakini sikujifunza namna ya kurudi dhidi ya upepo. Nilijaribu. Tukazunguka palepale kama kuku. Mwishowe watu wakauzunguka ukingo, wakafunga kamba ya ng'ombe kwenye mashua, wakatuvuta hadi nyumbani wakicheka kila hatua, na Bibi ameketi wima kama mke wa chifu. Jumatatu alipanda gari la Mbulu akimweleza mjomba, kabla hajasalimiwa, jinsi alivyovuka bahari.

Basi, mwanangu, sikukuandikia ili uache kupenda kazi safi. Ipende, pima mara mbili, usione haya kuanza upya. Ila kazi isiyo na nafasi ya mkono wa mwingine, hata iwe nzuri kiasi gani, hukuacha ukiwa peke yako nayo. Acha upande mmoja kwa ajili ya watu, nao wakiufanya vibaya, uishi nao. Ukimkosea mtu, usingoje mpaka upate maneno yaliyonyooka. Nenda na yaliyopo, leo, ungali unaweza kumkuta. Na wale unaowapenda usiwaweke wakingoja siku utakapokuwa mkamilifu, maana wao mabegi yao huenda yameshafungwa.

Mungu akupe mikono yenye bidii na moyo usiowaogopa watu. Njia ya kuja kwako iote majani kwingine kote, lakini pale miguu ya majirani inapopita isiote kamwe. Ucheke kabla hujachekwa, usamehewe kabla hujazeeka, na kila utakakokwenda uwakute wa kukupokea.